Don Pettit na michirizi ya nyota: picha ilivyopigwa

Picha ambazo mwanaanga wa Marekani Don Pettit alizipiga mwaka 2012 kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa zinataka kusomwa polepole. Juu kuna pinde nyembamba, mamia kwa mamia, zinazozunguka kitovu kimoja: hizo ni nyota. Chini, kwenye uso wa Dunia, imetandazwa mistari ya njano na ya rangi ya chungwa: hizo ni taa za miji. Kando ya mistari hiyo kuna madoa meupe yenye ubuluu, yametapakaa ovyo: hizo ni radi. Na pale Dunia inapokutana na giza umepita ukanda wa kijani, ambao ni mwanga hafifu wa hewa yenyewe, unaotoka kwenye oksijeni iliyo karibu kilomita 100 kutoka ardhini.

Kila umbo hapo linatokana na muda na mwendo. Taa ya mji huwaka mfululizo huku ikipita chini ya kituo, kwa hiyo inaacha mstari. Radi humulika kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha ikazimika, kwa hiyo inaacha doa. Ukingo wa Dunia hauhami mbele ya kamera, ndiyo maana ule ukanda wa kijani umebaki ukanda. Nani anayesogea hapa? Ni kamera. Kituo huizunguka Dunia mara moja kila dakika 92 hivi, kikiwa kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na wakati huohuo hujigeuza taratibu ili upande wake uleule uendelee kuielekea Dunia. Kule kujigeuza ndiko kunakochora nyota: karibu nyuzi 4 kwa dakika. Sisi tulio ardhini tunageuzwa nyuzi 15 kwa saa. Upinde ambao Pettit aliupata kwa dakika 15, mpiga picha wa ardhini anaungojea karibu saa nne.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba alifungua lenzi dakika zote hizo akaifunga mwishoni. Sivyo. Pettit mwenyewe ameeleza kwamba kamera ya dijitali ikiachwa wazi zaidi ya sekunde 30 hivi, picha inajaa chenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Alichofanya ni kupiga picha nyingi za sekunde 30, moja baada ya nyingine, kisha akazipanga moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta mpaka zikatimia dakika 10 hadi 15. Wapenzi wa falaki wa ardhini walikuwa wakiitumia njia hiyo tangu zamani.

Namna ya kuzipanga ndiyo yenye siri. Tuseme una picha 30. Ukichukua wastani wake, nyota zitafifia zikaribie kupotea, kwa sababu kila nyota imepita kwenye nukta fulani ndani ya picha moja tu kati ya 30. Hizo 29 nyingine zinaleta giza. Programu za michirizi kwa kawaida hufuata kanuni nyingine: kwa kila nukta, linganisha picha zote, chagua ile iliyong'aa zaidi, nyingine achana nazo. Hivyo nyota haipotezi nguvu yake na giza linabaki giza.

Lakini kanuni hiyo haibagui. Kinachong'aa kinaingia, hata kikiwa ni ubovu wa kamera. Kule juu tatizo hili ni kubwa, maana mionzi ya anga hupiga kihisi cha kamera na kuharibu nukta zake moja moja, na nukta iliyoharibika huwaka yenyewe katika kila picha. Mahali ambapo kila nyota imekuwa upinde, kidoa kilichoganda angani kinajiumbua. Dawa yake ni kupiga picha lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda uleule, kisha kuiondoa picha hiyo ya giza kutoka kwenye zile nyingine.

Jambo la pili ni mapengo. Kati ya picha moja na inayofuata kamera inahitaji kupumua kidogo, na nyota hazisubiri. Ardhini, sekunde moja ya kusita inaacha pengo dogo kiasi kwamba mwezi mpevu ungeyameza zaidi ya 100 ya namna hiyo katika upana wake. Kwenye kituo, sekunde hiyohiyo inakula karibu sehemu ya nane ya upana wa mwezi, na mstari unaanza kuonekana umekatikakatika. Aliye angani hana budi kuibana kamera isipumzike kabisa. Tena giza lake ni fupi: kila mzunguko una usiku wa nusu saa na ushee tu, baada ya hapo jua linachomoza na kazi inakwisha. Na madirisha ya kituo yana vioo vya tabaka kadhaa, kwa hiyo taa yoyote ya ndani inayoachwa ikiwaka inaakisiwa kwenye picha.

Wapo wanaosema picha iliyoungwa hivi ni ya kutengenezwa. Mimi siafiki. Hakuna mwanga ndani yake ambao haukupita kwenye lenzi, wala hakuna nyota iliyohamishwa mahali pake. Kilichogawanywa ni muda tu.

Kinachonivutia zaidi kwa Pettit ni kwamba mwendo huu aliwahi kupambana nao. Katika safari yake ya kwanza kituoni, mwaka 2002 hadi 2003, alitaka picha za miji usiku, na kila picha ilikuja imevurugika kwa sababu ya kasi. Akaunganisha vipuri na drili ya betri, akapata kifaa cha kugeuza kamera kinyume cha mwendo wa kituo, na miji ikatulia. Alipokuwa tena kituoni mwaka 2012 aliacha mwendo uchore. Ni mtu aliyemjua adui huyo nje ndani ndipo akamfanya rafiki.

Turudi kwenye kitovu cha zile pinde, maana hapo sisi wa Afrika Mashariki tuna la kusema. Kituo hujigeuza kwa mhimili uliokingama na njia yake, kwa hiyo vitovu ni viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia kwa aliyetazama mbele. Mbele nyota zinapanda wima, nyuma zinazama wima. Mtu aliyesimama Nanyuki, mstari wa ikweta unapopita, ana ramani hiyohiyo ya anga: kitovu kimoja kaskazini, kingine kusini, vyote vimelala kwenye upeo wa macho. Tofauti ni kwamba kwake upeo unazikata duara nusu, ilhali aliye kilomita 400 juu anauona upeo ukiwa umeshuka karibu nyuzi 20, na duara za katikati anazipata nzima. Dar es Salaam, kitovu cha kusini kimeinuka karibu nyuzi 7, ila hakina nyota ya kung'aa ya kukuonyesha kilipo, utatumia dira.

Nanyuki, Mlima Kenya uko upande wa kusini-mashariki. Kamera ikielekezwa huko, mistari itachomoza wima nyuma ya vilele kisha ianze kupinda kulia. Kwa saa nne andaa picha 480 za sekunde 30, chanzo cha umeme kitakachodumu, na kitambaa cha umande, kwa sababu baridi ya nyanda zile huufanya ukungu ukae kwenye lenzi. Ndege ikikatiza, usiitupe picha nzima: utaacha pengo la robo ya upana wa mwezi katika kila mstari. Paka rangi nyeusi juu ya alama ya ndege peke yake. Programu inachagua kinachong'aa, na nyeusi haishindi chochote, kwa hiyo utapoteza vipande vya zile nyota chache zilizokuwa chini ya brashi tu.