Garimoshi, Daraja na Usiku: Hakiki ya Picha za O. Winston Link

Mtunzi wa shairi la arudhi huwa amefungwa na vina na mizani kabla hajaandika neno la kwanza. O. Winston Link (1914–2001), mpiga picha wa New York, alikuwa na kifungo cha namna hiyo: reli haihamishiki, wala jua halipangiki. Kwa hiyo akachagua usiku, ili nuru yote itoke mkononi mwake.

Kati ya mwaka 1955 na 1960 alizifuata treni za Norfolk and Western, kampuni kubwa ya mwisho ya reli nchini Marekani kutegemea mvuke. Picha yake ya mwaka 1956, iliyopigwa Luray, jimboni Virginia, yastahili kutazamwa kwa utulivu. Juu, garimoshi la mizigo lavuka daraja la Hawksbill Creek, moshi wake mweupe katikati ya kiza. Chini, watu wanaoga mtoni. Daraja limeigawa picha kama kituo kinavyougawa mshororo: ukwapi ni wa chuma kipitacho kwa nukta chache, utao ni wa maji yaliyozoeleka kila siku. Ukiondoa kimoja, kingine hakina maana.

Wapo wanaodai kwamba sanaa hii ni ya hila. Waogaji walipangwa, na taa zilifichwa. Katika picha iitwayo Hotshot Eastbound, ya mwaka huohuo, Link aliunganisha negativi mbili, kwa kuwa mwanga wa fleshi uliifuta ndege iliyokuwa ikionekana kwenye skrini ya sinema ya wazi. Dai hilo ni zito kwa picha hiyo ya pili. Kwa ile ya mtoni halitoshi. Link alipanga nuru na watu. Treni ilikuja kwa ratiba yake. Balbu zake ziliunganishwa kwa mfululizo wa waya, hata moja ikikatika zote zisiwake, na treni iliyokwisha kupita haimrudii mtu. Mwongo hajiwekei sharti gumu kiasi hicho.

Kasoro yenyewe iko kwingine. Kampuni ile iliishi kwa kusafirisha makaa ya mawe, na vichwa vya treni zake viliyala makaa hayohayo. Katika picha ya Luray makaa yamegeuka wingu jeupe la kupendeza. Mchimbaji wake hayumo. Hiyo ndiyo desturi ya mbolezi: humsifu marehemu na kuyanyamazia madeni yake. Link alijua kwamba mvuke unakufa, na mwaka 1960 ulikoma katika reli hiyo.

Aitazamaye picha hii na aanze chini, kwa waogaji, kisha apande darajani. Akianza na moshi, ataona uzuri tu. Akianza na watu, atauliza mzigo ule ulikuwa wa nani.