Kabla ya Bisibisi

Kwenye baraza za Tandika, doti ya kanga hukatwa na kupindwa mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo, akipiga soga na kuhesabu chenji. Hakuna anayeitazama cherehani. Itatazamwa siku ikigoma, na hapo ndipo mtoto hutumwa mtaa wa pili akamwite mzee.

Mzee huyo hashoni. Kazi aliyoishi nayo ni kutafuta ubovu.

"Shikamoo mzee. Mashine inakata uzi."

"Marahaba mwanangu. Inakata ukishona nini?"

Binti mwenye cherehani hushangaa. Alitegemea kuona bisibisi, akakutana na maswali. Ilianza lini? Uzi huu ni wa duka lile lile la siku zote? Sindano ilivunjika karibuni? Halafu, baada ya kufikiri, anakumbuka: kwenye kanga haikati. Inakata kwenye sare za shule, kaki, na si kila mara. Mzee anaitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu aliyekwisha kulipwa nusu.

Bado hafungui kitu. Anautoa uzi wote, anazungusha gurudumu kwa kiganja, polepole, akisikiliza. Anaweka sindano mpya, kwa kuwa sindano ndiyo rahisi kuliko vyote, kisha anajaribu. Ikikata tena, anapiga brashi mavumbi ya nyuzi yaliyoshikana chini ya meno, anajaribu tena. Jambo moja, jaribio moja. Nimewahi kumsikia akimkaripia kijana aliyebadili sindano, uzi na oili kwa mpigo mmoja. Mashine ilikuwa imepona, na mzee alikasirika hasa kwa sababu imepona, maana sasa hakuna ajuaye ilikuwa inaumwa nini.

Mwishoni anafikia ninachokipenda kuliko vyote. Anachukua kipande cha uzi, anakipitisha kwenye kitundu cha bati ambamo sindano huingia, anashika ncha zote mbili na kuuburuta uzi ukingoni, upande mmoja baada ya mwingine, macho yakiwa barabarani kana kwamba anasubiri daladala. Ghafla uzi unashika. Anarudia. Unashika pale pale. Kuna mkwaruzo ambao jicho halioni, uliochongwa siku sindano ilipopinda na kugonga bati. Binti aliitupa ile sindano akasahau, bati halikusahau. Uzi mwembamba wa kanga hupita bila kuguswa. Ule mnene wa kaki hukwaruzwa, na mara moja moja hukatika. Mzee anapaka Brasso kwenye kamba nyembamba, anaivuta kitunduni huku na huku mpaka pale pawe laini. Hakuna kipuri kilichonunuliwa. Malipo yenyewe ni ya kuona haya kuyataja.

Wapiga shabaha nao wanaujua ugonjwa huu wa kuja na kutoweka. Kwetu bastola ya michezo ni kitu cha wachache, lakini kwenye Olimpiki kuna shindano la mita 25 ambapo mtu hufyatua risasi tano kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Bastola ikikwama ndani ya zile nne, hakuna muda wa kubembeleza. Nayo hukwama kama cherehani ile: leo ndiyo, kesho hapana. Anayejua huanza na vya rahisi. Hujaribu risasi za aina nyingine. Huziandika magazini zake namba, ili ajue ni ipi inayomsaliti. Husafisha, hutazama springi, na kifyatulio hukigusa mwisho kabisa. Kanuni zao zina kifungu ambacho mzee wa Tandika angekitia saini: silaha ikigoma, mpigaji akaifungua kabla mwamuzi hajaikagua, hitilafu hiyo haihesabiwi. Ameufuta ushahidi.

Undugu wa vyombo hivi ni wa zamani. Husqvarna ya Sweden ilianza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki, ikaja kuingia kwenye cherehani mwaka 1872. Singer nayo iliwahi kulitengenezea jeshi la Marekani bastola 500 za M1911A1, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kiwanda chake cha Clydebank, Uskoti, kilichoanza mwaka 1885, kilifungwa mwaka 1980, na mashine zake nyeusi zinaendelea kushona baada ya kiwanda chenyewe kufa.

Zinashona palipobaki mtu wa kuziuliza. Vijana wengi wa sasa hukimbilia taimingi. Wanalegeza skrubu, wanashusha mhimili wa sindano kwa kukisia, wakati ncha ya ndoano inatakiwa kuukuta uzi sindano ikiwa imeanza kupanda, milimita mbili na kidogo tu. Uzi bado unakatika, na sasa mishono inaruka pia. Mashine iliyokuja na ubovu mmoja inaondoka na miwili, na ule wa kwanza umejificha nyuma ya wa pili. Siwalaumu peke yao. Mteja wa leo hulipia kipuri bila ubishi, lakini fundi akikaa nusu saa anazungusha gurudumu na kuuliza maswali, ataambiwa anapoteza muda wa watu.

Basi mashine inabadilishwa bati, ndoano, bobini, kila kinachouzwa Kariakoo, na ikikata uzi tena inasukumwa ukutani. Siku moja anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake. Kichwa cha chuma cha cherehani ni kizito, kinalipa vizuri kwa kilo. Muuzaji anahesabu noti, na ukimuuliza ilikuwa na tatizo gani, atakujibu imezeeka.