Nundu ya Afromosia

Huko Yangambi, nchini Kongo, mti hupimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.30 kutoka ardhini. Mmoja anazungusha utepe, anataja namba kwa sauti, mwenzake anaandika. Daftari likishapanda mto kilomita kama 100 hadi Kisangani, linafika na matope na safu ndefu za tarakimu. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayoipenda kuitazama.

Binti niliyemkuta akiifanya, mwanafunzi wa misitu, hakukimbilia kompyuta. Alichukua miti saba ya mwanzo wa ukurasa, kipenyo kwa sentimita: 11, 12, 13, 14, 16, 19, 125. Wastani, 30.

“Papa, nionyeshe mti wa 30.”

Haupo. Namba ya katikati ni 14, na ndiyo inayofanana na msitu anaoupita mtu akisukuma vijiti.

Ule wa 125 hakuufuta. Kufuta ni kazi ya mwenye haraka. Alichora nukta za ukurasa mzima, unene ukienda mlalo, urefu ukipanda wima. Nukta zikaongozana kama siafu, isipokuwa moja iliyosimama mbali kulia: mnene kama babu wa msitu, urefu mita 24 tu. Akagawa 125 kwa 3.14, ikatoka 40 kasoro kidogo. Tepe ziko za aina mbili, moja husoma mzingo, nyingine imechorwa isome kipenyo moja kwa moja, na mtu huchanganya. Au mti ulivunjwa kichwa na upepo. Basi hakusahihisha kitu, aliandika pembeni kwa penseli: upimwe tena. Ukiweka 40, wastani unaporomoka hadi karibu 18. Ya katikati inabaki 14, haitikisiki.

Kisha afromosia, mbao ghali ambayo biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES tangu 1992. Akaipanga kwa makundi ya sentimita kumi kumi, kila kundi na nguzo yake. Mti wa limbali, ambao miche yake huvumilia kivuli, huchora mteremko: wembamba tele kushoto, wanene wachache kulia. Afromosia ilichora nundu. Kushoto karibu patupu, katikati pamejaa. Mche wake unataka jua, na chini ya miti mikubwa huota ukafa. Hiyo inayosimama leo ilipata mwanya zamani, pengine kwenye mashamba yaliyoachwa. Ni kuhesabu tu, hata kujumlisha hakujafika, na tayari unaona ukoo wa wazee wasio na watoto.

Mimi nilikwisha kuamini. Yeye akafuta nguzo zote, akagawa makundi upya, maana nundu nyingine huzaliwa na penseli. Kwa mbili mbili yakatokea meno, kwa kuwa mpimaji aliyechoka hupenda namba inayoishia na 0 au 5. Kwa ishirini ishirini meno yakapotea. Akasogeza mwanzo wa kundi la kwanza.

Nundu ikabaki.