Mafundi wa Behewa la Mwisho

Uozo wa boriti hauonekani kwa macho. Fundi hulala chali chini ya behewa, bisibisi nyembamba mkononi, akaichoma mbao shubiri kwa shubiri. Pale ncha inapozama bila kugoma, anaweka alama ya chaki. Akimaliza urefu wote, alama hizo zinampa ukweli ambao rangi nyekundu ya nje ilikuwa imeuficha kwa miaka mingi.

Behewa lenyewe ni kabusi, lile dogo lililofungwa mkiani mwa treni za mizigo za Marekani na Kanada. Ni ndugu wa behewa la gadi tuliloliona kwenye reli zetu Afrika Mashariki. Humo kondakta aliandika hati za mizigo, wafunga breki wakapika na kulala, na kutoka kwenye kibanda cha vioo kilichoinuka juu ya paa wakaitazama treni nzima mbele yao. Walikuwa wakitafuta moshi. Ekseli za zamani zililainishwa kwa nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta ndani ya sanduku la chuma. Mafuta yakikauka, chuma hupata moto kupita kiasi, na ekseli ikikatika treni huanguka. Katika miaka ya 1980 kazi ya kulinda mkia ilihamia kwenye kifaa kinachotundikwa kwenye kiungio cha mwisho, kikimtumia dereva kipimo cha hewa ya breki kwa redio, na vipimajoto vya kando ya reli vikachukua kazi ya yale macho. Kabusi nyingi zikakatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Zilizosalia zimepata watu wa ajabu. Kwenye Illinois Railway Museum, mjini Union, na Mid-Continent Railway Museum, kule North Freedom, Wisconsin, sehemu kubwa ya ufundi hufanywa na watu wasiolipwa hata senti. Nawastahi hasa kwa kazi wanayoifanya mahali ambapo mgeni hatatazama kamwe.

Chukua boriti ile yenye chaki. Njia ya mkato ni kuibandika kipande cha chuma na kupaka rangi. Fundi wa kweli hukata sehemu mbovu hadi afikie mbao nzima, kisha huchonga ncha zote mbili kwa mshazari mrefu, ya mbao ya zamani na ya mbao mpya, ili zilaliane na kubana kwa bolti. Mshazari ukiwa mfupi, kiungo hakitabeba mzigo. Ukiwa na uwazi, maji yataingia na uozo utaanza upya. Kwa hiyo anapiga randa, anajaribu, anatoa, anapiga tena. Wakati wote huo behewa limekaa juu ya jeki. Chini ya tumbo lake hupita fito ndefu za chuma, zenye nati za hesi pande mbili, zinazoizuia sakafu isilegee katikati. Fito hizo hukazwa kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, maana mbao iliyobonyea kwa nusu karne hainyooki kwa pupa.

Paa nalo lina somo lake. Juu ya mbao nyembamba zilizoshikana kwa ulimi na mtaro hupakwa rangi nzito, na ikiwa bado mbichi hulazwa turubai, likavutwa mpaka likaze kama ngozi ya ngoma. Pembeni hupigwa vijisumari vya shaba, kisha rangi tena, tabaka juu ya tabaka. Kazi ngumu iko kwenye shina la kile kibanda cha vioo na mahali bomba la jiko linapotokea, kwa sababu hapo turubai lazima likunjwe kwenye pembe bila kuacha mfuko wa maji. Ukitaka kumjua fundi, tazama pembe hizo.

Ndani, kila kitu kimeumbwa na mshtuko. Viungio vya mabehewa vina mchezo kidogo, na treni ndefu ikianza kuvuta, mchezo huo hujumlishana hadi mkiani, kabusi ikaruka ghafla. Ndiyo maana jiko limefungwa sakafuni kwa bolti, ukingo wa chuma ukazuia sufuria isidondoke, na vishikio vikawekwa kila mahali mkono unapoweza kutafuta. Warekebishaji wazuri hawavihamishi vishikio hivyo ili kupata nafasi, wala hawazisawazishi mbao zilizolika kwa viatu mbele ya dawati la kondakta.

Mabishano makali huwa kwenye rangi. Rangi za kale zina madini ya risasi, hivyo barakoa ni lazima. Msasa hupitishwa polepole katika eneo dogo, tabaka moja baada ya jingine, mpaka namba na herufi za zamani zijitokeze kwa ukungu. Hapo kikundi huamua: behewa lirudi mwaka gani? Huwezi kuliwekea herufi za miaka ya 1940 na jiko la 1910. Napenda kwamba wanabishana kwa picha za zamani na michoro ya kiwandani, wala si kwa kile kinachopendeza macho.

Kama ningeombwa ushauri kuhusu pesa za michango, ningesema zianze kwenye banda la kuegeshea behewa. Theluji na jua la Wisconsin hazijali turubai limekunjwa vizuri kiasi gani, na kazi ya miaka huweza kuliwa na misimu michache tu ya kusimama nje.