Ramani ya Kinywa cha Mto Kongo

Leo hatuchambui kitabu bali ramani. Ni ramani za topografia za Kongo ya Chini, toka Matadi hata Banana, za miaka ya 1950, siku za Institut Géographique du Congo Belge, iliyoanzishwa mwaka 1949.

Kwanza tusifu linalostahili sifa. Kazi ya namna hii ilitumia picha zilizopigwa toka ndeke, pamoja na vipimo vya watu waliokwenda kwa miguu. Kwa kipimo cha 1:50 000, sentimeta moja ya karatasi ni mita 500 za inchi. Mistari ya vilima yaonyesha jinsi milima ya Matadi inavyoubana mto. Katekista azungukaye vijijini ajua faida yake: mistari ikikaribiana, mwinuko ni mkali, na safari sherti ianze mapema.

Lakini chini ya Boma lawama yaanza. Hapo mto wapanuka na kugawanyika kati ya visiwa, kama Mateba, na mafungu ya mchanga yahama. Maji yapata mita za ujazo 40 000 hupita kila sekunde kwenda baharini. Njia ya mashua ya mwaka huu huenda isiwe ya mwaka ujao. Ndiyo sababu kina sherti kipimwe tena na tena, na mchanga uondolewe. Ramani yachora ukingo kwa mstari mmoja, kana kwamba mto umeapa kutosogea. Tena penye kinywa, karibu na Banana, buluu yake ni ileile, ijapokuwa chini yake mna bonde ambalo kina chake hupita mita 400.

Je, mchoraji amekosa? Sivyo. Alichora yaliyoonekana siku ile. Mwenye kosa ni msomaji asiyetazama mwaka ulioandikwa pembeni. Mji wa ng'ambo ulioitwa Santo António do Zaire leo ni Soyo. Nayo hifadhi ya mikoko, iliyoanzishwa mwaka 1992, hataiona humo. Hayo ni madogo. Lakini akiitandaza mbele ya wazee ili ikate shauri la kisiwa, aweza kumnyima mwenzake haki kwa ushahidi wa mchanga uliokwisha kuondoka. Wavuvi waulizwe kwanza.

Basi hukumu yetu ni hii: kwa vilima tuiamini, kwa maji tuihoji. Aliye na nakala yake asiitupe. Lakini asiifungue pasipo kusoma tarehe.