Pembe za Musa

Siku moja niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya sanamu ya Musa, kazi ya Michelangelo. Wakaitazama kimya, kisha mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona Nabii ana pembe kama Shetani?" Swali lile halikujibika kwa neno moja, ndiyo sababu naandika leo.

Sanamu yenyewe i katika mji wa Roma, katika kanisa la Mtakatifu Petro katika Minyororo. Ni ya marimari, na kimo chake chapata sentimita 235, ingawa Musa ameketi. Ilichongwa kwa ajili ya kaburi la Papa Yulio wa Pili, aliyefariki mwaka 1513, na kaburi hilo halikumalizika hata mwaka 1545. Hapana awezaye kukana uhodari wa mkono ule. Ndevu zateremka kama maji ya mto, mishipa ya mikono imetuna kama ya mtu aliye hai, mbao za Sheria zimekaa chini ya mkono wa kuume, na macho yatazama kando kwa ukali hata mtu aona hofu kusimama mbele yake. Lakini juu ya paji la uso zimetokeza pembe mbili fupi.

Zimetoka wapi? Zimetoka katika neno moja. Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, chasimulia jinsi Musa alivyoshuka mlima Sinai na uso wake uking'aa. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni karan, nalo ni jamaa ya keren, maana yake pembe. Wafasiri wa kale wa Kiyunani walisema kwamba uso ule ulitukuzwa. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho waraka wa pili, alinena juu ya utukufu wa uso wa Musa, wala hakutaja pembe. Lakini Mtakatifu Yeronimo, aliyekaa Bethlehemu tangu mwaka 386 hata kufa kwake mwaka 420, alipoyageuza maneno ya Kiebrania kuwa ya Kilatini, aliandika kwamba uso ulikuwa na pembe. Hakuwa mjinga, wala hakuwa wa kwanza. Akila, Myahudi aliyefasiri kwa Kiyunani kabla yake, alisema vivyo hivyo. Tena katika Maandiko pembe ni ishara ya nguvu na heshima, kama ajuavyo kila asomaye Zaburi.

Nasi tusimcheke upesi. Katika lugha yetu twasema mishale ya jua, wala hapana atafutaye upinde. Twasema jua lachoma, wala hapana atafutaye mkuki. Mgeni akiyafasiri maneno hayo kwao neno kwa neno, na fundi wa kwao akachora jua lililoshika upinde, kosa litakuwa la nani? Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tangu karne ya 11, miaka mia sita na zaidi baada ya Yeronimo, wachoraji wa Ulaya walimchora Musa na pembe. Wakristo wa Mashariki, waliosoma Kiyunani, hawakuwa na desturi hiyo.

Wako wamteteao Michelangelo, wakisema kwamba nuru haichongeki katika jiwe, basi pembe ni alama yake tu. Nakubali nusu ya neno hilo. Lakini tazameni hasara. Nuru ile haikuwa mali ya Musa; aliipokea kwa kusema na Mungu, kama mwezi upokeavyo mwanga wa jua. Pembe humea katika kichwa cha mwenyewe. Tena Kitabu chasema wazi kwamba Musa hakujua kuwa uso wake wang'aa. Watu ndio walioona wakaogopa, naye akawaita wakaribie, na alipokwisha kusema nao akatia utaji usoni. Musa wa marimari aujua ukuu wake, wala hamwiti mtu. Kwangu mimi hii ndiyo ila ya sanamu ile, kubwa kuliko pembe zenyewe.

Wala kosa lile halikukaa kanisani tu. Katika karne zile Wakristo wengine wa Ulaya waliwachora Wayahudi na pembe za Shetani, na mwaka 1267 baraza la kanisa huko Vienna liliwaamuru Wayahudi wavae kofia ya ncha iliyoitwa kofia ya pembe. Sisemi kwamba picha za Musa ndizo zilizozaa chuki ile. Lakini mtu aliyezoea kumwona Musa mwenye pembe ukutani mwa kanisa lake, angepata wapi nguvu ya kuukataa uongo juu ya wana wa Musa?

Basi nikamjibu yule mtoto kwamba zile si pembe za Shetani, bali ni nuru iliyopotea njia katika kufasiriwa. Nasi tufundishao, neno la Maandiko likitushangaza, tuulize kwanza kabla ya kulihubiri, kwa maana asikiaye huenda akalichonga. Sanamu ile na isifiwe, yastahili sifa. Lakini Musa mwenyewe tumtafute katika sura ya 34, akishuka mlimani asijue kwamba ang'aa.