Kunyata na Mwiko wa Hiari: Suala la Taharuki katika Skyrim

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali ambalo huachiwa wachezaji walijadili wenyewe, ingawa kimsingi ni swali la kihakiki. Mchezaji wa mchezo wa kompyuta anapojiwekea mwiko ambao mtunzi hakuuweka, je, mwiko huo ni sehemu ya kazi yenyewe, au ni kiraka cha kuficha tundu lililoachwa na mtunzi? Tutajifunga kwa mfano mmoja, yaani The Elder Scrolls V: Skyrim (2011), mchezo ambao humkabidhi mchezaji nchi nzima aizuru apendavyo na mhusika amjenge apendavyo.

Miongoni mwa stadi 18 za mhusika huyo imo stadi ya kunyata. Stadi hukua kwa kutumiwa, hadi kufikia kiwango cha 100. Mwanzoni kunyata ni hofu tupu: mhusika huchutama nyuma ya nguzo, hungoja mlinzi ageuke, husonga hatua mbili, husita. Hapa pana taharuki ambayo mwandishi yeyote wa riwaya angeionea fahari. Lakini kadiri stadi inavyokua ndivyo taharuki inavyofifia. Pigo la jambia kwa asiyejua, ambalo huanza kwa kuzidishwa mara 3, huweza kuzidishwa mara 15. Katika kiwango cha 100 mhusika anaweza kupata kipawa cha kuwafanya maadui walio mbali wampoteze kwa kuchutama tu, hata vita vikiwa vimepamba moto. Mlinzi aliyechomwa mshale akanusurika hutafuta kitambo, asione mtu, akarejea lindoni kana kwamba ameumwa na mbu. Si ajabu kwamba umekuwa mzaha wa kawaida miongoni mwa wachezaji kuwa kila mhusika, awe aliumbwa mchawi au shujaa wa shoka, huishia kuwa mpiga upinde wa gizani.

Ndipo mwiko huzaliwa. Bernard Suits (1978) alishikilia kwamba kucheza ni kuvikabili kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kwa mtazamo huo mwenye mwiko hafanyi kioja chochote. Yamkini msomaji wa jarida hili atawakumbuka malenga wetu na vina na mizani yao. Mlingano huo unavutia, ila una kasoro. Malenga akipungukiwa na mizani, hadhira itamwumbua. Mchezaji anayeuvunja mwiko wake usiku wa manane hana wa kumwumbua, na ulimwengu wa mchezo haujui kwamba aliapa.

Kwa sababu hii tunatofautisha mwiko wa hesabu na mwiko wa uhusika. Wa kwanza hupunguza nguvu tu: kutogusa upinde, kuvikataa vipawa, au kupandisha ugumu. Njia hii ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote. Ngazi ya juu kabisa, iliyoongezwa mwaka 2013, hupunguza madhara ya mapigo ya mchezaji hadi robo na kuyazidisha ya adui mara 3, lakini macho na masikio ya adui hubaki yale yale. Kupigana waziwazi kunakuwa ghali mno, naye mchezaji anasukumwa tena kwenye giza lile lile alilotaka kulikimbia.

Mwiko wa uhusika hutokana na usawiri: mhusika huyu hamchomi aliyelala, kwa kuwa ndivyo alivyo. Mwiko wa aina hii huweza kujibiwa na kazi yenyewe. Astrid, kiongozi wa kundi la wauaji, humteka mhusika na kumwamuru amwue mmoja wa mateka watatu waliofunikwa nyuso. Mhusika anaweza kumgeukia Astrid mwenyewe, na mchezo huupokea uamuzi huo kwa kumfungulia kazi ya kuliangamiza kundi zima. Hapo kukataa kumekuwa tukio katika msuko. Kwa bahati mbaya, chama cha wezi wa mji wa Riften hakina mlango kama huo. Anayekikataa hupuuzwa tu.

Katika Thief: The Dark Project (1998), kinyume chake, anayechagua ngazi ya juu ya ugumu hukatazwa na mtunzi kuua watu, na akiua ameshindwa. Lakini mchezo huo umegawanywa katika kazi zenye mipaka. Ulimwengu mpana kama wa Skyrim hauwezi kubashiri kila kiapo, wala hatuudai ufanye hivyo. Tunachodai ni kidogo zaidi: mlinzi aliyepigwa mshale asisahau. Awaamshe wenzake, awashe mienge, asirudi peke yake ukutani hadi kukuche. Mnyataji wa kiwango cha 100 angelazimika kungoja tena nyuma ya nguzo.